Nani Anawafundisha Maafisa Ustawi wa Jamii, na Wanatafiti Nini?

Kijana wa Masasi aliyemaliza kidato cha sita, au mhudumu wa zahanati huko Kilwa anayetaka kujiendeleza, akifungua orodha ya wahadhiri wa ustawi wa jamii hukutana na mseto unaomchanganya. Wa kwanza alisoma sosholojia. Wa pili alianza na uuguzi akamalizia na afya ya jamii. Wa tatu ni mwanasheria. Wa nne alisoma teolojia, kisha ushauri nasaha. Wa tano alikuwa afisa ustawi wilayani kwa miaka mingi kabla ya kurudi darasani. Chini ya majina yao yameandikwa maeneo ya utafiti yasiyofanana: ulinzi wa mtoto, wazee, VVU na UKIMWI, kaya maskini, watoto waliokinzana na sheria, maarifa ya asili. Swali linalomjia ni la haki kabisa. Hawa kweli ni watu wa fani moja? Na masomo aliyoyasoma mtu wa Dar es Salaam au Dodoma yanamhusu nini yule atakayepangiwa kazi Tandahimba?

Yanamhusu sana. Njia aliyopita mwalimu ndiyo inayoamua ni jambo gani atalibaini upesi na lipi litampita. Anachokitafiti hugeuka kuwa mfano wa darasani, kisha swali la mtihani, na mwisho mazoea ya kazi ya mwanafunzi wake. Nimekuwa nikiwasimamia wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hapa kusini, mikoa ya Mtwara na Lindi, na mara nyingi ripoti zao za kwanza hunionyesha wamefundishwa na watu wa namna gani. Mmoja ataandika vifungu vya sheria vilivyonyooka, lakini hamtaji bibi anayeishi na mtoto huyo. Mwingine atamsikiliza mama kwa subira ya kupigiwa mfano, ila hajui shauri liende dawati la jinsia na watoto polisi, liende mahakamani, au libaki kwake. Wote wawili wamefundishwa vizuri, kila mmoja kwa upande wake.

Fani iliyoanzishwa na watu wa fani nyingine

Mseto huo hautokani na uzembe wa vyuo vyetu. Ustawi wa jamii umezaliwa nao. Jane Addams, aliyefungua nyumba ya Hull House mjini Chicago mwaka 1889 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931, hakuwa na cheti cha kazi hiyo kwa sababu hakuna chuo kilichokuwa kinakitoa. Mary Richmond, ambaye kitabu chake cha mwaka 1917 kiliweka msingi wa namna ya kuchunguza shauri la mtu au familia, aliingia kwenye shirika la misaada la Baltimore kwa kazi ya fedha. Alice Salomon, mwanzilishi wa shule ya ustawi wa jamii ya wanawake mjini Berlin mwaka 1908, alikuwa na udaktari wa uchumi, na tasnifu yake ilihusu tofauti ya malipo kati ya wanaume na wanawake.

Tazama walikoanzia. Richmond alianza na mtu na nyumba yake, Addams akaanza na mtaa mzima, Salomon na mshahara. Hadi leo, ukisoma mtaala wa chuo chochote cha fani hii utazikuta njia hizo tatu zikibanana kwa nafasi: kazi ya shauri moja moja, kazi ya vikundi na jamii, na kazi ya sera. Mhadhiri hupendelea ile iliyo karibu na alikotoka.

Afrika nayo ina habari kama hizo. Shule ya Jan Hofmeyr ya Johannesburg, iliyofunguliwa mwaka 1941 kuwafundisha Waafrika ustawi wa jamii, iliongozwa na mmisionari Mmarekani, Ray Phillips. Humo ndimo alimosoma Winnie Madikizela, ambaye baadaye tulimfahamu kama Winnie Mandela, kabla ya kwenda kufanya kazi ya ustawi katika hospitali ya Baragwanath.

Kwetu, huduma za ustawi zilianza chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya askari waliorudi kutoka vitani, na baadaye ikaingia probesheni, yaani kumsimamia mkosaji akiwa nje ya gereza. Baada ya Uhuru njia zikagawanyika. Tengeru, Arusha, ikawa mahali pa kuwafundisha wataalamu wa maendeleo ya jamii tangu mwaka 1963. Kisha sheria ya mwaka 1973 ikaanzisha chuo cha taifa cha mafunzo ya ustawi, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam.

Mgawanyiko huo bado unaonekana kwenye korido za halmashauri zetu, na wananchi wengi huuchanganya. Afisa maendeleo ya jamii hushughulika zaidi na vikundi, uhamasishaji, na ile mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa ustawi hushughulika na mashauri: matunzo ya mtoto, mgogoro wa ndoa, mzee aliyetelekezwa, mgonjwa asiye na uwezo wa kulipa hospitali, mtoto aliyefikishwa mahakamani. Mhadhiri aliyetokea upande wa kwanza atakufundisha kuitisha mkutano wa kijiji. Aliyetokea upande wa pili atakufundisha kukaa na mtu mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mwanafunzi anazihitaji zote mbili, lakini ni nadra kuzipata kwa mwalimu mmoja.

Sasa rudi kwenye mwaka 1973. Chuo cha kwanza cha fani fulani katika nchi hakiwezi kuwa na walimu waliohitimu fani hiyo humo nchini. Lazima waje watu wa sosholojia, sheria, saikolojia na utawala. Na kwa muda mrefu mafunzo hayo yaliishia ngazi ya cheti na stashahada. Shahada ya ustawi wa jamii ni jambo la karne hii. Leo unaweza kuisoma katika Taasisi yenyewe, Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, Chuo Kikuu Huria na kwingineko. Maana yake ni nyepesi kuiona ukihesabu umri. Mtu aliyefikia umri wa kuwa profesa sasa alikuwa chuoni wakati shahada hiyo haijaanza kutolewa nchini. Ama alikwenda nje, ama alisoma sosholojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ama aliingia kupitia afya au sheria. Kwa hiyo ukiona mhadhiri mwandamizi asiye na shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii, usimdhanie mvamizi. Huenda ni mmoja wa waliobeba fani hii kabla haijawa na shahada yake.

Ngazi ya kupanda, na wanaoachwa chini

Walimu wadogo kwa umri wana hali tofauti. Wengi wao walisoma ustawi wa jamii tangu mwanzo, wakafaulu vizuri, wakachukuliwa na chuo mara tu baada ya kuhitimu. Taratibu za ajira ya wanataaluma zinadai ufaulu wa juu: wastani wa alama (GPA) wa 3.8 katika shahada ya kwanza kwa anayeanza ngazi ya chini kabisa, na 4.0 katika uzamili kwa mhadhiri msaidizi. Kutoka hapo kupanda kunategemea uzamivu (PhD) na makala zilizochapishwa katika majarida ya kitaaluma.

Vigezo hivyo vina sababu. Hakuna anayetaka mwanawe afundishwe na mtu aliyeshindwa masomo. Lakini katika fani hii vinaleta pengo ambalo kwangu ni zito kuliko inavyosemwa. Mwalimu aliyepanda moja kwa moja kutoka kiti cha mwanafunzi hadi kiti cha mhadhiri anaweza kujua nadharia zote za kiwewe na bado hajawahi kumchukua mtoto usiku kutoka nyumba ambayo haifai tena kuishi. Hajawahi kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii huku hakimu akiisubiri. Hajawahi kumwambia mgonjwa kwamba msamaha wa matibabu haujapatikana. Upande mwingine yupo afisa aliyefanya hayo yote Nachingwea au Newala kwa miongo miwili, lakini GPA yake ya zamani ni 3.4, na hana hata makala moja iliyochapishwa. Darasani hataingia kama mhadhiri.

Anaingia kwa mlango wa fildi. Mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya lazima ya kozi hii, na msimamizi wa fildi ndiye anayemfundisha mwanafunzi mambo ambayo hayamo kwenye slaidi: namna ya kuingia nyumba yenye msiba, wakati wa kunyamaza, nani asalimiwe kwanza. Jina lake halimo kwenye orodha ya wahadhiri, na eneo lake la utafiti halijaandikwa popote. Ukiniuliza ni akina nani wanaofundisha ustawi wa jamii Tanzania, nitaanza na hawa, kisha ndipo nije kwa wenye majoho.

Maeneo ya utafiti hutoka wapi

Msomaji anaweza kudhani kwamba mhadhiri huchagua eneo lake la utafiti kwa mapenzi yake tu. Mapenzi yapo. Aliyelelewa na bibi huvutwa na habari za wazee. Aliyefanya kazi gerezani hurudi kwenye habari za wafungwa. Msimamizi wa tasnifu naye humvuta mwanafunzi wake kwenye shamba lake mwenyewe. Lakini nguvu kubwa mbili ni fedha na sheria.

Chukua fedha. Kuanzia mwaka 2003, mpango wa Serikali ya Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulipoanza, fedha nyingi za utafiti na huduma zilielekezwa kwa VVU, yatima na watoto waishio katika mazingira hatarishi. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilishirikiana na chuo cha ustawi wa jamii cha Jane Addams kilicho Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, kuandaa mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii ngazi ya jamii, kwa sababu maafisa waliosomea hawakutosha hata kidogo. Kizazi kizima cha wahadhiri kiliandika kuhusu yatima, kaya zinazoongozwa na watoto, na unyanyapaa. Wizara nayo ilichangia. Kwa miaka mingi ustawi ulikuwa chini ya wizara yenye afya ndani yake, mpaka mwaka 2022 ilipoundwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Fani iliyokaa ndani ya afya ilijifunza kuuliza maswali ya afya.

Sheria na takwimu za taifa nazo zina nguvu yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimpa afisa ustawi majukumu mazito kuhusu ulinzi na malezi ya mtoto. Mwaka huohuo ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yalipotolewa mwaka 2011 yalishtua: karibu wasichana watatu katika kila kumi, na karibu mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Baadaye ukaja mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22. Ndiyo maana ukisoma wasifu wa wahadhiri walioanza uzamivu baada ya hapo utakutana na maneno "ulinzi wa mtoto" na "ukatili wa kijinsia" karibu kila ukurasa. Ruzuku za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini, tangu mpango wake mpya uanze katika miaka ya 2012 na 2013, zimezaa kundi jingine la watafiti wa hifadhi ya jamii.

Tafiti hizi zimeokoa watu, nami sizibezi. Ninachosema ni kwamba mambo yasiyo na mfadhili hubaki nyuma. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, lakini mzee wa kijijini hajapata watafiti wengi kama mtoto yatima, ingawa mara nyingi ndiye anayemlea yatima huyo. Afya ya akili imechelewa pia. Na mambo ya kanda moja, kama hii yetu, huchelewa zaidi.

Kusini imetafitiwa sana, ila na nani?

Mtwara na Lindi hazijakosa watafiti. Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alifika mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa vizuri, akapita Lindi, Masasi na Newala akirekodi nyimbo na kuandika habari za jando na unyago. Vincent Lucas, askofu Mwanglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alikwenda mbali zaidi ya kuandika: alijaribu kuliweka jando ndani ya Ukristo, na maneno yake yakasomwa na wamisionari wa mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja wataalamu wa mpango wa Waingereza wa kulima karanga, waliofyeka Nachingwea na kujenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda huko, kisha mpango ukaanguka ndani ya miaka michache. Mji wa Mtwara kama tunavyoujua umekua kutokana na mpango uliochorwa bila wenyeji kuulizwa udongo na mvua zao zikoje.

Mkondo uliogeuza mambo ulikuwa wa utafiti shirikishi, ambao mmoja wa waanzilishi wake Tanzania ni Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia kutoka Finland. Katika miaka ya 1970 aliongoza kazi ya aina hiyo Bagamoyo, wanakijiji wakiwa watafiti pamoja na wasomi. Baadaye akashiriki huku kwetu katika RIPS, mradi uliofadhiliwa na Finland kwa mikoa ya Mtwara na Lindi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wazee wengi wa vijijini bado wanaikumbuka RIPS kwa ramani zilizochorwa chini kwa vijiti na maharage, na mikutano ambapo mwanamke asiyejua kusoma alieleza kijiji chake kuliko mtendaji. Swantz hakuwa mhadhiri wa ustawi wa jamii. Hata hivyo, mbinu aliyoisimamia imeingia kwenye kozi za utafiti za fani hii, na mwanafunzi wa Mtwara anastahili kujua kwamba sehemu ya mbinu hiyo ilikomazwa nyumbani kwao.

Katika taaluma yenyewe, mjadala mkubwa ulichochewa na James Midgley, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyetoa hoja mwaka 1981 kwamba ustawi wa jamii wa nchi za Magharibi umepelekwa kwingine kama ubeberu wa kitaaluma. Mwaka 2014 mashirikisho ya kimataifa ya fani hii yalipitisha fasili mpya ya kazi yao, na ndani yake maarifa ya asili ya jamii yakawekwa sambamba na sayansi za jamii. Vyuo vya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, vikishirikiana na chuo cha Austria, vilitafiti pamoja katika muongo huo hali ya taaluma hii Afrika Mashariki. "Maarifa ya asili" yanayoonekana kwenye wasifu wa wahadhiri wengi yana mizizi hapo.

Lakini maneno hayo yana uzito gani mezani kwa afisa? Chukua shauri la matunzo. Mama wa Newala ameachana na mume, wana watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni bora akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Mtoto inawapa wazazi wote wawili wajibu. Kitabu cha darasani kinachora familia kwa mistari: baba, mama, watoto. Afisa kijana anawaita wawili hao, wanaelewana, wanatia saini. Baada ya muda mfupi mapatano yamevunjika, kwa sababu mjomba wa watoto hakuitwa.

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wanafuata ukoo wa mama. Kaka wa mama ana sauti juu ya watoto wa dada yake, katika ndoa zao, jando na unyago wao, na mara nyingine katika mali. Mwalimu aliyekulia au kusomea katika jamii ya ukoo wa baba, kama zilivyo nyingi za kaskazini na za Ulaya, anaweza kumwona mjomba kama ndugu wa pembeni. Hata aliyesoma sosholojia anaweza kumjua mjomba kama mada ya wiki ya tatu ya kozi bila kumjua kama mtu wa kuitwa kwenye kikao.

Na hapa mtafiti makini hasimami kwenye kusifu mila. Mamlaka ya mjomba yenyewe yanabadilika. Mkorosho ni mti wa kudumu. Baba aliyeupanda na kuupalilia kwa miaka anataka uende kwa watoto wake, na ukoo wake una hesabu nyingine inayowataja watoto wa dada zake. Mirathi ya Kiislamu ina mpango wake, na mahakama ina wake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa korosho kuwekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada, uanze mwaka 2007, malipo ya mnada yanapita kwenye akaunti yenye jina la mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi ni mume. Kila afisa wa huku anajua kwamba msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, una mashauri yake: fedha zilizotumika bila mke kushirikishwa, mume aliyehamia mjini kwa muda, ndoa mpya. Mashauri hayo yamo kwenye majalada. Yanamsubiri mtafiti wa fani yenyewe ayasome pamoja na kalenda ya minada.

Unyago unaonyesha vizuri zaidi jinsi asili ya mtafiti inavyobadilisha swali. Mtafiti wa afya atauliza kuhusu mimba na maambukizi. Mwanaanthropolojia atauliza nyimbo zina maana gani. Mtu wa elimu atahesabu siku ambazo msichana hakufika shule. Mwanasheria ataanza na umri wa kuolewa, akitaja shauri la Rebeca Gyumi, ambapo Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Yote ni maswali mema. Afisa ustawi ana swali jingine: kesho asubuhi nianze na nani?

Anajua kwamba kungwi husikilizwa katika nyumba ambazo yeye hafunguliwi mlango. Basi, je, kungwi huyo anaweza kuwa wa kwanza kutoa taarifa mtoto anapofanyiwa ukatili? Kalenda ya ngoma inaweza kukubalika ikae ndani ya likizo, kama viongozi wamekuwa wakihimiza, na ni nani mwenye mamlaka ya kukubali kwa niaba ya ukoo? Msichana aliyejifungua, ambaye tangu waraka wa mwaka 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni, atamwacha mtoto wake kwa nani saa za masomo? Majibu ya maswali kama hayo hayatapatikana kwa dodoso linalojazwa mara moja na mgeni kisha akaondoka. Yanahitaji mtu wa shauri, aliyezoea kurudi nyumba ileile tena na tena.

Mto Ruvuma nao ni somo. Tangu vita vya ukombozi wa Msumbiji, watu wamekuwa wakivuka. Rutamba, mkoani Lindi, palikuwa na makazi ya wakimbizi wao tangu miaka ya 1960. Machafuko ya Cabo Delgado yaliyoanza mwaka 2017 yalifika hata upande huu, kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020. Wamakonde wapo pande zote mbili za mto. Mgeni aliyepokelewa na nduguze haonekani kwa urahisi kwenye daftari lolote, na kaya iliyompokea inagawana chakula kilekile. Wataalamu wa usalama na wa siasa wameandika kuhusu vita yenyewe. Habari za kaya iliyopokea wageni ni kazi ya ustawi wa jamii.

Namna ya kuusoma wasifu wa mhadhiri

Kwa hiyo, ukiwa unachagua chuo au msimamizi wa tasnifu, usiishie kwenye jina la shahada. Tafuta tasnifu yake ya uzamivu ilihusu nini na data zilikusanywa wapi. Mtu aliyetafiti wazee wa Kagera anaweza kukusimamia vizuri kuhusu wazee wa Ruangwa, mradi akubali kwamba ukoo, kazi na mali vya huku vina mpangilio wake. Angalia kama amewahi kushika mashauri, hata kwa muda mfupi, ofisi ya halmashauri au hospitalini. Angalia alichoandika miaka ya karibuni. Wasifu mwingi unaorodhesha maeneo saba huku makala zote zikiwa za eneo moja. Hilo moja ndilo lake. Uliza pia kazi zake alizifanya kwa fedha za nani, kwa kuwa mradi unapokwisha mwanafunzi anaweza kubaki na mada ambayo msimamizi hana tena muda nayo.

Lipo jambo ninaloliona kubwa kuliko hayo: kama aliwahi kurudisha matokeo kwa waliohojiwa. Mtafiti huanza na kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kama ni utafiti wa afya. Hupita kwa katibu tawala wa mkoa na wa wilaya, kwa mkurugenzi, mtendaji wa kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Njia hiyo ndefu ya kushuka ikikamilika, makala huchapwa kwa Kiingereza kwenye jarida ambalo hata afisa aliyempokea halifikii. Mhadhiri aliyeandika muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili na kuuacha ofisi ya kata amefanya jambo ambalo halimwongezei cheo, na ndiye ningependa mwanangu asome kwake.

Kwa anayetaka kusoma bila kuhama, Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, na kinatoa shahada ya kwanza na ya uzamili ya ustawi wa jamii. Kabla ya kujisajili, nenda kituoni ukaulize nani atakusimamia fildi na nani atakusimamia tasnifu. Kama tayari upo kazini, peleka na mada yako: majalada ya msimu wa korosho, bibi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda Dar, wajomba waliokataa kutia saini. Msimamizi akikuuliza mjomba anahusikaje, jiandae kumweleza kwa kirefu.